Salamu za Sheha

Bi Mwanapili alikuwa akichambua karafuu barazani alipomwona sheha anakuja na mwanajeshi. Mwanawe alikuwa Kongo, vitani, ambako serikali ilisema inakwenda kuamua ugomvi wa jirani tu. Tangu aondoke, kila hodi ilimshtua.

"Assalamu alaykum, Bi Mwanapili."

"Waalaykumu salaam. Hawajambo nyumbani, Sheha?"

"Hawajambo. Bi Mwanapili, sisi..."

"Mkeo homa imemwacha?"

"Imemwacha, alhamdulillahi."

"Na mama? Na yule ng'ombe?"

Sheha alijibu kila swali, maana salamu ya mtu mzima haikatwi. Naye akazidi kuuliza, makonyo, vile vijiti vya karafuu, yakimchoma katika kiganja alichokifumba.

Mwisho maneno yakamwishia. Alibaki mtu mmoja tu ambaye hajamuulizia, na mwanajeshi alikwishavua kofia.