Vita vya Mchezo

Tarumbeta zilipolia, moyo wa Koplo Sikudhani ulimdunda kwa furaha. Kila mwaka majeshi ya nchi mbili zilizoapa kulindana yalipigana vita vya mchezo uwanjani hapa, na mji mzima ulifurika kutazama. Kwa desturi, kila askari alijaziwa bunduki na mwenzake wa jeshi la pili, risasi za mlio tu, ili asiwepo wa kumshuku mwingine.

Mwaka huu wakubwa walikuwa wametupiana maneno redioni, na asubuhi ikatoka amri kwamba kila jeshi lijijazie lenyewe.

Sikudhani alijaza zile zile za mlio. Kisha akavuka mstari wa chokaa huku umati ukimshangilia, akachomoa magazini yake, akamnyooshea Sajini Mkamba, aliyemjazia miaka yote.

“Kagua, afande,” alisema akicheka. “Nami nione yako.”

Mkamba aliiangalia, akamrudishia.

“Rudi kwenu, dada yangu,” alisema kwa sauti ya chini. “Tafadhali usiniombe nikuonyeshe yangu.”

Kipenga kikalia. Pembeni mwa uwanja, watu wakawabeba watoto mabegani ili waone vizuri.