Mluzi wa Shamte

Tangu ang'oke meno mawili ya mbele, Shamte hakuimba tena. Lakini binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi, na zawadi aliyoiomba ni wimbo mmoja tu wa baba. Basi Mize, mke wa Shamte, akaegemeza godoro dirishani kuzuia kelele, akamrekodi chumbani kwa kompyuta.

Walipousikiliza wimbo, kila penye "s" palitoka mluzi.

"Futa," Shamte alisema. "Nitachekwa mbele ya wakwe."

"Subiri kwanza, baba Rukia. Humu mna plagini, kiprogramu cha kupunguza makali ya s."

Mize akaiwasha, akaipandisha mpaka mwisho. Mluzi ukatoweka kweli, ila "asali" ikawa "athali", na "sisi" ikawa "thithi". Shamte akaangua kicheko. "Sasa naimba kama mtoto wa miaka miwili!"

Mize akaizima. Akajaribu nyingine, ya mwangwi, akaipandisha kidogo kidogo. Sauti ya Shamte ikatanuka kana kwamba imeingia ukumbini, na kila mluzi ukaruka, ukarudi, ukafifia taratibu, kama filimbi inayomwitikia mwimbaji.

Shamte akaomba wimbo urudiwe, kisha urudiwe tena.

"Nani kapiga ile filimbi?" aliuliza, japo alijua.

"Mume wangu."

"Basi turekodi upya. Pale kwenye 'sisi' niliharakisha."

Akasimama, akafunga vifungo vya shati hadi shingoni. Mize akabonyeza kitufe chekundu.