Shimo Nyuma ya Nyumba ya Bi Mjusi

Kinyonga alikuwa mwashi katika mji mkongwe wa mawe, na kwake kila kipya kilikuwa kinyemi. Siku alipopata mfuko wa saruji, aligeuka kijivu kwa furaha, akaubeba mbio hadi kwa shangazi yake, Bi Mjusi, ambaye lipu ya ukuta wake ilikuwa imebanduka.

"Shangazi, leo nakuondolea aibu. Nitaupiga saruji mpaka ung'ae."

"Mwanangu, ukuta wa chokaa unapumua. Ukiuziba, unyevu utatokea wapi?"

"Unapumua? Una pua?" Kinyonga alicheka. "Chokaa yenu hulowekwa miezi sita ndipo iive. Mimi kesho nimemaliza!"

Bi Mjusi hakuwa na moyo wa kumkatalia. Alimtengea kahawa na kashata, akamwacha apige lipu.

Nusu mwaka ukapita, masika yakaja. Ukuta ukalowa ndani kwa ndani, na asubuhi moja saruji yote ikaporomoka uani pamoja na mawe mawili. Kinyonga alikuja amenywea, hana rangi hata moja.

"Shangazi, ulisema kweli. Lakini hata tukiloweka chokaa leo, itaiva mvua zimeshaimaliza nyumba."

Bi Mjusi akamshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba na kufunua makuti. Chini yake palikuwa na shimo lililojaa chokaa, laini na nyeupe kama mtindi.

"Hii imeshaiva," alisema. "Niliiloweka siku ile ile uliyokuja na mfuko wako."