Usiondoke Bado

Dereva wa teksi alipojua amembeba nani, alipunguza mwendo. "Wewe ndiye uliyeimba 'Usiondoke Bado'? Mama, mji huu hakuna asiyeujua wimbo huo. Hata paka wangu anaujua!"

Bi Sachiyo Nezu alidhani anataniwa. Santuri ile aliitoa mwaka 1988, na tarumbeta tatu na kinanda cha kuliza watu, zikauzwa nakala mia nne, tisini kati yake zikinunuliwa na mama yake mzazi. Tangu hapo riziki yake ilikuwa kupiga pasi mashati ya watu kwa dobi mmoja wa mji wa Kawasaki. Mji huu wa dereva hakuwahi hata kuukanyaga kabla ya leo.

"Bado mnausikia, kweli?"

"Kila siku iendayo kwa Mungu, mama. Ukianza tu, miguu inajinyanyua yenyewe."

Alifika ukumbini moyo ukimdunda kama wa msichana. Bwana Onda wa kampuni ya muziki alikuwa akimngoja mlangoni, mtu mkavu, hacheki hata umtekenye. Mwimbaji wake, kijana Kanade, alikuwa ameurudia wimbo ule kwa ngoma za kompyuta, ukabadilika hata Bi Sachiyo mwenyewe hakuutambua, na nusu ya Japani ilikuwa ikiurukia. Mchana huo Kanade angeimba wake, kisha mama mwenye wimbo apewe nafasi aimbe ule wa asili.

"Tuelewane, mama," alisema Onda. "Wakikuinukia, Jumatatu unaingia studio. Wakibaki wamekaa, unarudi kwenye pasi yako, na mimi namba yako ya simu siijui tena."

"Kuinuka? Watu wetu hupiga makofi kama wanaogopa kuua mbu!"

"Ndiyo maana nimesema kuinuka."

Mama aliyemletea chai aliinama mara tatu kabla ya kusema. "Miaka ishirini nasimama kutwa kazini, miguu imevimba kama viazi. Nikiisikia sauti yako najisemea, haya, nimepona. Yaani hujui tu unavyotusaidia."

Bi Sachiyo alilia mpaka poda ikamchirizika. Miaka yote ile alijiona mtu aliyeimba kisimani, kumbe kulikuwa na mji mzima uliokuwa ukimsikiliza.

Kanade aliimba, akaruka, akajibwaga chini, akalowa jasho. Watu mia nane wakampigia makofi yao ya adabu, matako yamegandia vitini. Bi Sachiyo alimwonea huruma kijana wa watu. Lakini alifurahi pia, na akaona haya kwa jinsi alivyofurahi.

Zamu yake ikafika. Tarumbeta zikatoa zile noti nne za mwanzo, naye akafumba macho kama alivyozoea zamani.

"Usiondoke bado," aliimba, "chai haijapoa..."

Akasikia viti vikilia. Akafumbua jicho moja. Safu ya mbele imesimama. Ya pili imesimama. Wanafunzi, wazee, diwani na mkewe, hata bibi mwenye mkongojo alikuwa akijikokota ainuke, na mara ukumbi mzima wima, wakati hata kiitikio hajakifikia!

Pembeni mwa jukwaa Onda alikuwa amekodoa macho, saa mkononi. Bi Sachiyo akafumba macho tena, na safari hii akaimba kweli. Aliimba mvuke na wanga wa mashati, akamwimba mama yake na zile nakala tisini, akaimba mpaka koo likawaka moto. Noti ya mwisho aliivuta hadi pumzi ikamwishia, kisha akainama kungoja makofi.

Kimya.

Alipoinua kichwa, ukumbi ulikuwa mtupu. Hata ganda la peremende halikubaki chini. Mlangoni kabisa mama mmoja alikuwa akimburuta mwanawe aliyekuwa akilia, na mtoto akampungia Bi Sachiyo mkono.

Akakaa pale pale jukwaani. Onda akaja mbio na simu mkononi, na kwa mara ya kwanza alikuwa akicheka.

"Wamenikimbia," alisema Bi Sachiyo.

"Dakika mbili na sekunde arobaini! Watu mia nane, na hakuna hata aliyemkanyaga mwenzake! Mama, duka kubwa la vyakula la hapa hupiga wimbo wako kila siku likitaka kufunga, ili watu watoke, mwaka wa thelathini huu. Jumatatu ni studio." Akamtia simu mkononi. "Zungumza na mkuu wa zimamoto, yuko huko nje, maana na yeye alitoka. Anautaka wa kuwatoa watu moto ukizuka, ila anauliza kama unaweza kuuimba taratibu kidogo, wazee wasije wakaanguka kwenye ngazi."