Mwewe na Tawi la Korongo

Hapo zamani, ndege walipokuwa bado wakisomea kuruka, Mwewe alijifunzia angani tangu siku ya kwanza. Mwenzake Korongo alifundishwa juu ya tawi. Mama yake alilitikisa kwa nguvu huku akimuuliza, "Tuseme bawa limevunjika, mwanangu. Utafanyaje?"

Mwewe alicheka. "Tawi haliruki, ndugu yangu. Kuruka hufundishwa na anga."

Siku moja walikuwa pamoja juu ya bonde, kimbunga kikawapiga. Bawa la kulia la Mwewe likateguka. Akalipiga la kushoto kwa nguvu zake zote, akaanza kuzunguka kama pia, na miamba ikamjia mbio.

"Acha kupiga," Korongo alimwambia, akishuka naye bega kwa bega. "Likunje la kushoto lilingane na hilo bovu."

Moyo wa Mwewe ulikataa, kwani hilo ndilo bawa pekee alilobaki nalo. Hata hivyo akalikunja. Kuzunguka kukakoma, akaipita miamba kwa kuteleza, akaangukia nyasini akiwa hai.

"Umewahi kuanguka mara ngapi?" aliuliza akitweta.

"Angani, sijaanguka bado," Korongo akajibu. "Kwa mama, nilianguka kila siku."