Kiraka cha Lishe

Umio wa Bi Mwanahawa uliposinyaa hadi uji wenyewe ukawa haupiti, daktari alikataa kuupanua. Siku hizi matibabu hayo hupewa walio kazini tu. Mwalimu mstaafu kama yeye hubandikwa kiraka cha lishe begani, akaishi bila kula.

Siku ya Idi alimwomba binti yake, "Ramla mwanangu, nipe pilau kidogo nitafune tu. Nitaitema."

Alitafuna amefumba macho, kisha akashindwa kujizuia, akameza. Tonge likakwama. Ramla alimpiga mgongoni mpaka likatoka, na mama akalia kwa aibu.

Tangu hapo Ramla hula kwa jirani. Akirudi, mama humshika mikono, akainusa.

"Leo mmekula nini?"

"Hatujala, mama."