Alama Nne za Kutu

Bi Mwanakheri alichovya kipande cha foili majini, akaendelea kusugua pikipiki ya marehemu mumewe. Mkwewe, Sefu, alikuwa amekuja kuichukua, naye hakutaka itoke uani kwake na kutu. Bomba la moshi lilishameremeta. Kilibaki chuma cha nyuma ya kiti, anachoshikilia abiria. Tangu alipokuwa bibi harusi aliona haya kumshika mume kiunoni mbele za watu, akang'ang'ania hicho chuma miaka yote, kiganja kikivuja jasho.

Kutu ya pembeni ilitoka upesi, ila zikabaki alama nne za vidole vyake, zinateleza. Alizikwangua, ukucha ukaja na nta ya mshumaa. Kumbe mzee, aliyeing'arisha pikipiki kila Ijumaa, hapa hakusugua kabisa. Alipaka nta, alama zisifutike.

"Mama, hapo bado pana kutu. Lete nimalizie," Sefu alisema.

"Hapo paache, baba."

Bi Mwanakheri akapanda kiti cha nyuma, akakaa upande kama zamani. Mkono ukaenda wenyewe kwenye alama zake. Kisha ukaachia chuma, ukanyooka mbele taratibu, ukazunguka hewa pale kilipokuwa kiuno cha mumewe.